Sura ya 6: Baada ya Zein, Nani?

Baada ya Zein, nani? Wapenzi wa muziki wa mwambao huulizana hivyo kila Lamu inapotajwa, na mara nyingi muulizaji huwa ameshajijibu moyoni kwamba hakuna. Zein L'Abdin, mpigaji udi aliyezaliwa Lamu mwaka 1939 na kufariki mwaka 2016, ndiye jina la kwanza linalomjia mtu, na kwa wengi ndilo la mwisho. Anayejaribu kutafuta zaidi huandika neno “Lamu” kwenye programu ya muziki ya simu yake, na anaweza kuletewa vitu vya ajabu, ukiwemo wimbo wa mwaka 1986 wenye jina hilohilo wa Mmarekani Michael W. Smith, mwimbaji wa nyimbo za Kikristo, usio na udi wala twari. Hapo huzima simu na kusema muziki wa visiwani umekwisha.

Lakini umekwishaje? Harusi zinafanyika Lamu, Shela, Matondoni, Siyu na Kizingitini, na harusi za huko hazifanywi kimyakimya. Maulidi yanasomwa. Vijana wanarekodi nyimbo kwa kompyuta moja na kipaza sauti kimoja, ndani ya chumba kilichozibwa magodoro ili mwangwi usitokee. Hoja ya sura hii ni kwamba nyimbo mpya za Lamu zipo, ila tunazitafuta kwa jina la mwimbaji, na jina la mwimbaji ndilo linalokosekana zaidi katika nyimbo hizo. Anayetaka kuzipata inampasa azifuate kupitia kwa watu wengine walioshiriki kuzifanya: aliyetunga maneno, aliyerekodi, aliyealika na aliyechagua.

Neno moja la kuelewana kabla hatujaendelea. Ninaposema “msanii huru” nina maana ya mwanamuziki asiye na kampuni nyuma yake: anajilipia studio, rekodi ni mali yake, na kuisambaza ni juu yake mwenyewe. Mijini kuna wanaochagua uhuru huo kwa kujivunia. Visiwani wengi wako huru kwa sababu hakuna kampuni iliyowahi kubisha hodi.

Wimbo mmoja, mikono mingi

Wimbo wa Lamu haukuzoea kuwa na mwenyewe mmoja. Mtu mmoja hutunga beti, akapima mizani na vina. Mwingine huzitafutia sauti. Wa tatu huziimba, pengine miaka mingi baadaye, na huenda hajawahi kuonana na mtunzi. Alikuwapo mtu kama Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, ambaye alitunga mashairi, akanakili tenzi kwa hati nzuri, akachonga milango, akaunda na kupiga kibangala, yaani kinanda cha nyuzi kilichotumika mwambao kabla udi haujatamalaki. Lakini Kijuma ni mtu wa pekee, ndiyo maana anakumbukwa. Desturi ilikuwa kugawana kazi.

Zein mwenyewe ni ushahidi. Sehemu kubwa ya heshima yake inatokana na kushirikiana na Sheikh Ahmed Nabhany, malenga na mtafiti wa lugha aliyezaliwa Lamu pia, katika kufufua mashairi ya kale na kuyatilia udi. Upande wa Mombasa, Juma Bhalo aliimba tungo za ndugu yake Ahmad Nassir, mwenye diwani ya “Malenga wa Mvita”. Na Ustadh Mahmoud Mau, malenga wa Lamu aliyekuwa imamu na pia mwokaji mikate, alitunga “Wasiya wa Mabanati” katika miaka ya 1970, na utungo huo ukaenea visiwani kwa kanda, kwa sauti ya mghani, yaani msomaji wa mashairi kwa mahadhi. Wapo watu wazima leo wanaojua beti zake kwa moyo na hawajawahi kuziona zimeandikwa. Sasa jiulize: kanda hiyo ni ya nani? Ya Ustadh Mau aliyetunga, ya mghani aliyeghani, au ya aliyeshika kitufe cha kurekodi? Kwa mtu wa Lamu swali hilo halina shida, kwani wote watatajwa. Kwa programu ya muziki ni shida kubwa. Kila wimbo unaopakiwa huko huambatana na maelezo yake, yaani jina la wimbo, msanii, mwaka na aina ya muziki, na nafasi inayoonekana na kila mtu ni moja tu: ya msanii. Nafasi ya mtunzi ipo ndani ndani, wapakiaji wengi huiacha tupu, na msikilizaji wa kawaida haifikii. Wimbo ulioingia na watu wanne hutoka na jina moja, na mara nyingi jina lenyewe ni la kijana mwenye kamera.

Hili lina matokeo makubwa kuliko linavyoonekana. Mtu aliyependa tungo za malenga fulani, akitaka nyingine za mtunzi huyohuyo zilizoimbwa na vijana wapya, hana pa kubonyeza. Uhusiano uliokuwa ukimpeleka msikilizaji kutoka kwa mkongwe hadi kwa chipukizi, yaani mtunzi wanayeshirikiana, umekatwa.

Enzi ya mwenye duka

Kabla ya simu, kazi ya kumtoa mwanamuziki mpya ilikuwa ya watu wanaojulikana kwa sura. Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, tayari alikuwa ameshasikika Unguja, na aliyempeleka alijua anachokwenda kuuza. Miongo kadhaa baadaye, Mombasa ilikuwa na Mbwana Radio Service, duka lililojenga jina kwa kurekodi na kuuza kanda za taarab. Mteja wa duka la namna hiyo aliuliza, “Kuna jipya gani?” na akajibiwa na mtu aliyejua kwamba huyu anapenda udi na yule anapenda sauti za filamu za Kihindi. Kanda ya kawaida ilikuwa ya dakika 60, nusu saa kila upande, na taarab haina haraka: nyimbo tatu au nne hujaza upande mzima. Kwa hiyo mwenye duka alilazimika kuchagua. Akikosea, mteja alirudi kesho yake na kanda mkononi.

Kutoka Mombasa kanda zilipanda basi, zikavuka kwa mashua kutoka Mokowe, zikafika Lamu na Faza, na nyingine zikaenda na wasafiri hadi kwa jamaa walioko Ghuba. Njia ilikuwa ndefu lakini kila kituo kilikuwa na mtu anayejibu swali la “huyu ni nani?”

Sitaki kuipamba enzi hiyo kupita kiasi. Mwenye duka alikuwa mfanyabiashara, na alikuwa na waimbaji wake aliowapendelea. Studio na maduka yalikuwa Mombasa, na aliyetaka kurekodiwa ilimbidi aende huko. Zein alizaliwa Lamu lakini kazi yake aliifanyia Mombasa. Mwanamke wa Pate mwenye sauti nzuri kuliko wote waliorekodiwa hakuwa na njia ya kufika kwenye kipaza sauti, na leo hatuna hata dakika moja yake. Wateuzi wa nje nao walikuja na masikio yao. Kampuni ya Globestyle ya London ilitoa albamu ya Zein mwaka 1990, na mwaka 2005 mfululizo wa “Zanzibara” wa Buda Musique ya Ufaransa ukatoa juzuu zima la taarab ya Mombasa ya kati ya 1965 na 1975. Ni kazi za kushukuriwa, ila zilimkuta msanii akiwa ameshakomaa au ameshapita. Hata hivyo, jambo moja lilikuwa kweli katika njia zote hizo, za duka la mtaani na za Ulaya: kulikuwa na mtu aliyesikiliza, akaamua, na akaweka jina lake juu ya uamuzi huo.

Mashine husikiliza nini?

Kazi ya mwenye duka sasa inafanywa na algoridhimu. Neno hili lisimtishe mtu. Ni utaratibu wa hatua ambao kompyuta huufuata ili kuamua wimbo upi ukuletee baada ya huu. Algoridhimu haina sikio. Inachofanya, kwa sehemu kubwa, ni kulinganisha watu: waliosikiliza wimbo huu walisikiliza na ule, basi na wewe jaribu ule. Pia husoma maelezo ya wimbo, na huweza kupima mwendo na mdundo wake. Kwa mwanamuziki wa Nairobi au Dar es Salaam mwenye wasikilizaji maelfu, utaratibu huo unafanya kazi vizuri, na si haki kuubeza.

Kwa mwanamuziki wa Pate hali ni nyingine, kwa sababu mashine huhesabu vidole vinavyobonyeza na wimbo wake hausafiri kwa kubonyezwa. Kijana mmoja anaupakua, anaupeleka kwa wenzake kwa Bluetooth au kwa WhatsApp, mwenye mashua anauweka kwenye flashi na kuupiga njia nzima kutoka Mtangawanda hadi Lamu. Abiria wote wameusikia. Mashine imehesabu mmoja. Kuna pia suala la ukubwa wa soko. Luminate, kampuni inayohesabu usikilizaji wa muziki duniani, ilikuta mwaka 2023 kwamba huduma za muziki mtandaoni zilikuwa na nyimbo zipatazo milioni 184, na zaidi ya milioni 45 kati yake hazikusikilizwa hata mara moja mwaka mzima. Spotify, iliyoingia Kenya Februari 2021, iliamua kwamba kuanzia 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 hautalipwa mrabaha, yaani fungu la mwenye wimbo, wa rekodi hiyo. Mara 1,000 si nyingi kwa mji mkubwa. Kwa wimbo wa Kitikuu, lahaja ya Wabajuni, uliopakiwa na jina lisiloeleweka, ni nyingi sana.

Tazama mfano wa video ya kawaida, ya aina iliyojaa mtandaoni. Kichwa chake kimeandikwa neno harusi, jina la mji, mwaka, na “part 3”. Pengine yametajwa majina ya bwana na bibi harusi. Picha imechukuliwa nyuma ya bega la mtu, taa inamulika kamera, na kwenye sekunde za mwanzo husikii ila makelele ya watu wanaotafuta viti. Kisha orgeni inaingia, ngoma zinafuata, na sauti inaanza ambayo inakufanya ukae sawa. Nani huyu? Kichwa hakisemi. Maelezo chini ya video hayasemi. Yana namba ya mpiga video tu. Maoni ya watazamaji ni mashallah na salamu kutoka Muscat. Algoridhimu ikiiangalia video hiyo inaona harusi, na itakuletea harusi nyingine, za Garissa na za Tanga.

Ila msikilizaji anayejua desturi ana pa kushika. Watunzi wengi wa Kiswahili huweka jina lao, au dokezo la jina na mji wao, katika ubeti wa mwisho. Mwimbaji naye, anapotuzwa, hutaja watu: aliyemwalika, wenzake wa kikundi, wakati mwingine mwenye maneno. Dakika mbili za mwisho za video, ambazo wengi huziruka, ndizo zenye habari yote ambayo kichwa kimeinyima.

Kwa ufupi, mpaka hapa:
– Nyimbo za visiwani hutengenezwa na watu wengi na huhifadhiwa mtandaoni kwa jina moja, au bila jina.
– Usikilizaji wake mwingi hauhesabiwi na mashine.
– Majina yamo ndani ya wimbo wenyewe, kwa anayesikiliza hadi mwisho.

“Kizuri chajiuza”

Msomaji anaweza kupinga: mbona unajisumbua? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama wimbo ni mzuri utajitokeza wenyewe, na kama haujajitokeza labda haukuwa mzuri. Methali hiyo ni ya sokoni, na sokoni mnunuzi huona embe, hulibonyeza, hulinusa. Wimbo hauonekani mpaka upigwe, na haupigwi mpaka mtu aamue kuupiga. Uzuri wake hauna namna ya kufanya kazi kabla ya uamuzi huo.

Singeli ya Dar es Salaam inaonyesha hili vizuri. Muziki huo wa kasi ulikuwa ukitikisa vigodoro, yaani sherehe za mtaani za usiku kucha, huko uswahilini kwa miaka huku watu wa mjini wakiuita kelele za wahuni. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes, kampuni ndogo ya Kampala, ikatoa albamu ya “Sounds of Sisso”, mkusanyiko wa kazi za studio moja ya Dar es Salaam, na wasanii hao wakaanza kualikwa Ulaya. Muziki ulikuwa uleule. Kilichoongezeka ni mtu aliyeubeba na kusema, nisikilizeni, hawa nawadhamini.

Hapo huja pingamizi la pili, na lina uzito zaidi. Je, tunataka wateuzi wa namna hiyo watuchagulie Lamu? Wateuzi wa nje huchagua kinachosikika bila kueleweka: kasi, mdundo, mshindo. Kirumbizi, mchezo wa fimbo unaochezwa kwa ngoma na zumari, huenda ukawafaa. Utenzi unaoghaniwa kwa sauti moja ya taratibu, utamu wake wote ukiwa katika maneno, hautawafaa kitu. Nakubaliana na pingamizi hili kabisa, na jibu langu ni kwamba linatutaka tuwe na wateuzi wanaojua lugha, wala halitutaki tuiachie mashine. Mashine ina kasoro ileile ya mgeni, na haina hamu yake ya kujua.

Njia za kufuata

Msikilizaji aliyeko Nairobi, Dar es Salaam au Dubai afanyeje basi? Zipo njia nne, na si zote zina nguvu sawa.

1. Anza na mtunzi. Ukipata ubeti wenye jina la malenga, litafute jina hilo kwa tahajia zote unazoweza kuzifikiria. Jina la Zein pekee huandikwa kwa namna kadhaa, na maneno ya Kiamu, lahaja ya Lamu, hayaandikwi kama ya vitabu vya shule: anayetafuta “njia” hatapata wimbo ulioandikwa “ndiya”. Malenga wa Lamu hujuana, hujibizana kwa mashairi, na mmoja hukufikisha kwa mwingine.

2. Fuata hafla. Mwezi wa Mfungo Sita, maulidi ya Lamu hukusanya vikundi vya kaswida na twari kutoka mwambao mzima. Tamasha la Utamaduni la Lamu, linalofanyika kila mwaka, kwa kawaida Novemba, huleta ngoma na mashairi ya visiwa pamoja na mashindano ya majahazi. Rekodi za siku hizo hupakiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na hapo ndipo faida: aliyesahau jina katika video yake utakuta mwenzake amelitaja. Asiyeweza kwenda atafute kwa jina la hafla na mwaka wake, kisha alinganishe video moja na nyingine.

3. Mtafute fundi. Kwa msanii huru njia hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Fundi wa studio, yaani anayerekodi na kutengeneza sauti, hufanya kazi na wanamuziki wote wa eneo lake, wakubwa kwa wadogo. Mara nyingi jina lake au la studio yake husikika mwanzoni mwa wimbo, kwa sauti iliyorekodiwa, kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Likamate. Ukurasa wa fundi mmoja unaweza kuwa na waimbaji ambao hawana kurasa zao wenyewe kabisa. Mpiga video wa harusi ni vivyo hivyo, na ile namba aliyoiweka chini ya video, ambayo inaudhi kwa kuchukua nafasi ya jina la msanii, ni mlango pia: anayempigia na kumuuliza kwa adabu ni nani aliyeimba usiku ule, kwa kawaida anajibiwa.

4. Tafuta walioondoka. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbia Kismayu na visiwa vyake, wakafika Mombasa na wengine Uingereza. Huko waliko wanaziweka nyimbo za Kitikuu mtandaoni kwa bidii kuliko walioko nyumbani, kwa sababu aliye mbali anazihitaji zaidi.

Wasiotaka kusikika

Pingamizi gumu kuliko yote ni hili: huenda wengine hawataki kutafutwa. Mwandishi wa mjini hupenda kudhani kila wimbo usiojulikana unalilia kujulikana. Lamu si hivyo. Nyimbo nyingi za wanawake huimbwa katika shughuli za wanawake peke yao. Vugo, ambapo pembe hugongwa kwa vijiti kumshangilia bibi harusi, ni mali ya waliohudhuria na waliotajwa ndani yake. Katika harusi nyingi za mwambao leo simu hukatazwa mlangoni kwenye shughuli za kina mama, na anayepenyeza kamera anavunja heshima ya watu waliovua mabuibui kwa kuaminiana. Wimbo unaokosekana mtandaoni kwa sababu hiyo haujapotea. Upo kwa wenyewe, na hakuna hoja ya utafiti wala ya mapenzi ya muziki inayompa mtu wa nje haki juu yake. Wakitaka kuurekodi watarekodi wao, kwa masharti yao.

Kisha kuna dini. Wapo watu wa Lamu wanaoamini kwamba ala za muziki hazifai, au zinafaa kwa kiasi na mahali maalumu, na mwimbaji anayeishi kati yao hupima kila anachokitoa. Mwingine huimba harusini lakini hataki wimbo wake uwe mtandaoni wakati wa Ramadhani. Mwingine ameacha kabisa na anaomba nyimbo zake za zamani ziondolewe. Mjadala huu una umri mrefu. Habib Swaleh, mwasisi wa msikiti wa Riyadha, alipoyasimamisha maulidi ya Al-Habshi kutoka Hadhramaut yenye kusomwa kwa twari, wapo wakubwa wa mji waliopinga twari kupigwa msikitini. Leo maulidi hayohayo ndiyo yanayoujaza mji wageni. Silisemi hili ili kusema wapinzani siku zote hushindwa. Nalisema kwa kuwa linaonyesha kwamba mji huu una desturi yake ya kujadiliana juu ya muziki, taratibu, kizazi hadi kizazi, na mtu wa nje mwenye kitufe cha kusambaza anaweza kuukata mjadala huo kwa sekunde moja. Kwa hiyo ninapohimiza kuwatafuta wanamuziki wasiojulikana nina maana ya wale ambao wenyewe wametoa kazi yao hadharani. Kigezo ni rahisi: je, aliyeipakia ni msanii mwenyewe, au kikundi chake, au fundi kwa ruhusa yake? Kama huna hakika, uliza. Kama huna wa kumuuliza, sikiliza na uishie hapo.

Na malipo?

Hapa sina mengi. Kusikiliza peke yake hakumlishi msanii mdogo, kama tulivyoona katika sharti la mara 1,000. Bandcamp, tovuti ambayo msikilizaji hununua wimbo moja kwa moja kwa msanii, hukata asilimia 15 ya mauzo ya rekodi za kidijitali, na hiyo ni nafuu, lakini huhitaji njia za malipo ya kimataifa ambazo vijana wengi wa visiwani hawana. M-Pesa wanayo. Na kipato cha kweli cha mwimbaji wa Lamu kingali kwenye hafla: ujira wa usiku na noti za kutuzwa. Mtu anayemwalika mwimbaji chipukizi wa Siyu kwenye harusi ya Mombasa, akamlipa nauli ya mashua na basi na ujira wake kamili, amemfanyia zaidi kuliko miaka kumi ya kumsikiliza bure.

Lakini hawezi kualikwa asiye na jina, na hapo kila mmoja wetu ana kazi isiyogharimu senti. Utakapomtumia mwenzako wimbo wowote uliotoka hadharani Lamu, Pate, Faza au Kiwayu, andika chini yake mambo manne: aliyetunga, aliyeimba, aliyerekodi, na mahali na mwaka uliporekodiwa. Na kama huyajui, muulize aliyekutumia wewe kabla hujausambaza.